Umekuta rili za filamu kwenye stoo ya bibi? Usikimbilie projekta

Hii ni kwa mlioko Chicago, hasa mlioolewa au kuoa kwenye familia za weusi wa South Side. Siku moja mtasafisha stoo mkute boksi la rili za milimita 8 au 16 na hakuna anayejua ndani kuna nini. Jamani msitupe! Habari za enzi zile zilipenda kumwonyesha mtu mweusi kwenye ghasia na polisi, wakati kwenye hizo rili utaona watu wanakata keki, wanaosha gari jipya, watoto wako kwenye paredi ya Bud Billiken, ile ya kila mwaka ya weusi wa South Side.

Projekta ya zamani achana nayo kabisa, maana filamu ikizeeka inasinyaa, matundu ya pembeni hayakai tena kwenye meno ya mashine na inachanika hapo hapo mnaangalia. Inuse kwanza. Ikinuka siki ujue imeanza kuoza, na hilo halirudi nyuma, halafu ule mvuke unaharibu na zingine kwa hiyo itenge, na hiyo ndo iwe ya kwanza kwenda kuskaniwa. Zilizobaki weka pakavu penye ubaridi, sio darini. Maboksi yenye mwandiko wa mkono usiyatupe, na kama filamu ni ya Kodak angalia pembeni kuna vialama vya duara, mraba, pembetatu, vinakupa mwaka filamu ilipotengenezwa kiwandani, ila vinajirudia kila miaka 20 so linganisha na magari na nguo.

Kuskani: wale wanaorusha picha ukutani halafu wanarekodi na kamera, hapana. Tafuta wanaoskani picha moja moja, na udai faili kubwa, sio ile ndogo ya kutumiana WhatsApp tu. Ukishapata kopi, rili yenyewe bado itunze. Pale University of Chicago kuna South Side Home Movie Project, aliianzisha Jacqueline Stewart mwaka 2005, kazi yao ni mikanda kama hii hii, ongea nao. Na usidhani ni vitu vya kifamilia tu: mchungaji Solomon Sir Jones alirekodi weusi wa Oklahoma 1924 hadi 1928, makanisa, shule, biashara, hadi Tulsa miaka michache tu baada ya Greenwood, mtaa wa weusi wa huko, kuchomwa moto na wazungu 1921, na filamu zake ziliingia 2016 kwenye National Film Registry, orodha ya filamu za Marekani zinazotunzwa kitaifa.

Sasa kazi kubwa, na hii usiisubirishe: wakalishe wazee mbele ya TV, nyingi hazina sauti kwa hiyo waache waongee wenyewe huku simu inarekodi. Uliza huyu nani, mtaa gani, kanisa gani, na nani alishika kamera (huyo haonekani kamwe na mara nyingi ndo anasahaulika). Andika jina na dakika yake. Mashangazi wakibishana kama ni 1956 au 1958 andika zote mbili, usiamue wewe. Na kabla ya kupandisha YouTube waulize, kuna misiba humo na watoto wa watu wanaoga.