Kushindwa Kuingia Kwenye Ubuntu Baada ya Kusasisha Keneli: Pa Kuanzia

Mtu aliyesasisha Ubuntu jioni, kisha asubuhi akaandika nywila yake na kurudishwa pale pale kwenye skrini ya kuingia, aghalabu hukimbilia kubadilisha nywila. Hilo halimsaidii, kwa kuwa keneli, yaani kiini cha mfumo, haihusiki na ukaguzi wa nywila: kazi hiyo hufanywa na PAM, sehemu ya mfumo inayothibitisha watumiaji, ambayo hulinganisha kilichoandikwa na kilichohifadhiwa katika faili ya /etc/shadow, na faili hiyo haiguswi keneli inapobadilishwa. Mara nyingi kinachoharibika ni kile kinachofuata nywila ikishakubaliwa, yaani kufunguka kwa eneokazi. Maelezo haya yanahusu Ubuntu na jamaa zake kama Linux Mint, mifumo ninayoihudumia zaidi katika ofisi ndogo za katikati ya jiji la Nairobi.

Hatua ya 1: Jua unakataliwa wapi

Ukiwa kwenye skrini ya kuingia, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Itatokea skrini nyeusi ya maandishi itakayokuuliza jina na nywila. Ukiingia hapo bila shida, nywila yako ni nzima na tatizo liko kwenye grafiki au kwenye faili zako za nyumbani. Usipoingia, ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Washa kwa keneli ya zamani

Ubuntu kwa kawaida hubakiza keneli iliyotangulia. Zima na uwashe kompyuta, kisha ushikilie Shift kwenye mashine za BIOS (kwa kawaida za zamani), au ubonyeze Esc kwenye zile za UEFI (mpya zaidi). Esc ibonyezwe mara moja tu, maana ukizidisha utaangukia kwenye mstari wa amri wa GRUB, programu inayowasha mfumo, badala ya menyu. Chagua "Advanced options for Ubuntu", halafu keneli yenye namba ndogo zaidi. Ukiingia vizuri, thibitisha kwa `uname -r` kwamba kweli umo kwenye ile ya zamani. Sasa una mashine inayofanya kazi, na ofisi inaweza kuendelea na shughuli zake huku wewe ukitafuta chanzo. Ikiwa hata keneli ya zamani inakurudisha mlangoni, acha kuishuku keneli: tazama kwa `df -h` kama diski imejaa, na kwa wanaotumia eneokazi la Xfce, tazama kwa `ls -l ~/.Xauthority` kama faili hiyo imegeuka kuwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu. Imegeuka? Irudishe hivi:

`sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`

Hatua ya 3: Kamilisha usasishaji uliokatizwa

Stima hukatika bila taarifa, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika katikati ya usasishaji, vifurushi hubaki nusu. Endesha amri hizi mbili kwa mfuatano:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Zikilalamika kwamba /boot imejaa, ondoa keneli za zamani usizozitumia kwa `sudo apt autoremove`, kisha urudie.

Hatua ya 4: Kagua kiendeshi cha grafiki

Hapa ndipo penye kesi nyingi, hasa kwa wenye kadi za NVIDIA. Kiendeshi chake ni moduli, yaani kipande cha programu kinachopachikwa kwenye keneli, ambayo lazima ilingane na keneli inayotumika, na panapotumika programu ya DKMS, moduli hujengwa upya kila keneli mpya inapowekwa. Andika `dkms status` na utazame kama toleo la keneli mpya limetajwa pamoja na neno "installed". Lisipotajwa, huenda vichwa vya keneli hiyo (headers, faili zinazohitajika kujenga moduli) havikuwekwa. Soma namba yake kamili, yaani yote yanayofuata vmlinuz-, kwa `ls /boot/vmlinuz-*`, kisha uiandike mahali pa NAMBA:

`sudo apt install linux-headers-NAMBA`
`sudo dkms autoinstall -k NAMBA`

Ujenzi ukishindikana, sababu huenda ikawa umri wa kadi. Ubuntu 22.04 ilitoka na keneli 5.15, lakini wenye HWE (mpango unaoleta keneli mpya kwenye toleo lile lile la Ubuntu) walisogezwa hadi 6.8 mwaka 2024, na viendeshi vya zamani vya NVIDIA havijengeki kila mara kwenye keneli mpya. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini zikiwa zimeshatumika zina kadi za aina hiyo. Kwa hizo, ushauri wangu ni kuondoa kiendeshi cha NVIDIA na kutumia nouveau, kiendeshi huria cha kadi hizo, kwani kazi ya ofisi haihitaji zaidi.

Moduli ikiwa imejengwa lakini `sudo modprobe nvidia` inajibu "Key was rejected by service", Secure Boot, kinga inayokagua programu wakati wa kuwasha, ndiyo inayoikataa kwa kuwa haitambui sahihi yake. Andikisha ufunguo:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Utaombwa kubuni nywila ya muda. Washa upya, na kwenye skrini ya buluu uchague "Enroll MOK" na kuiandika nywila hiyo. Wengi huipita skrini hii kwa haraka, kisha hushangaa hali haijabadilika.

Hatua ya 5: Nywila inapokataliwa kweli

Iandike nywila mahali pa jina ili uone herufi zinazotokea, kisha uifute. Mpangilio wa kibodi ukibadilika, alama kama @ huhama. Kwenye mifumo inayofunga akaunti baada ya makosa mengi, ingia kwa akaunti nyingine yenye sudo na uifungue:

`sudo faillock --user JINA --reset`

Ukihitaji muda kabla ya kurejea kwenye keneli mpya, zuia usasishaji wake kwa `sudo apt-mark hold linux-generic linux-image-generic linux-headers-generic`. Kwa wenye HWE, majina hayo huongezewa mkia kama -hwe-22.04. Kiendeshi kikishatengemaa, ondoa kizuizi kwa `apt-mark unhold`, kwa sababu keneli iliyozuiwa haipati viraka vya usalama.