Jinsi ya Kufuatilia Kimeng'enya Kinachowasha Uvimbe Ndani ya Makrofaji

Anayetaka kuona makrofaji, aina ya seli ya kinga, ikianzisha uvimbe hana budi kutanguliza saa, kwa kuwa kimeng'enya kinachohusika, kinasi iitwayo IKK, humaliza sehemu kubwa ya kazi yake ndani ya dakika chache. Lipopolisakaridi, molekuli ya utando wa nje wa bakteria, inaponaswa na kipokezi cha TLR4 kilicho kwenye seli, taarifa hupokezanwa hadi kuifikia IKK, nayo hubandika fosfeti kwenye protini ya IκBα, ambayo wakati wote ilikuwa imeishikilia NF-κB, protini inayowasha jeni, nje ya kiini. IκBα huvunjwa, NF-κB huingia kwenye kiini, na jeni za TNF na IL-6, protini zinazochochea uvimbe, huwaka.

Otesha makrofaji za panya aina ya RAW 264.7 katika visahani sita, uziache zishike usiku kucha. Kimoja usikitie kitu. Vilivyobaki vitie lipopolisakaridi, nanogramu 100 kwa mililita, ukianza na kile cha dakika 120, kisha 60, 30, 15 na 5, ili vyote vivunwe kwa pamoja. Wengi huchukua sampuli ya dakika 60 peke yake, na hapo ndipo wanapopotoka. Kufikia wakati huo IκBα, ambayo ilikuwa karibu kutoweka kati ya dakika ya 15 na ya 30, huwa imeanza kurudi, kwa sababu NF-κB yenyewe huwasha jeni ya IκBα. Mtafiti anayejaribu dawa ya kuzuia uvimbe huuona ukanda mnene wa IκBα kwenye filamu ya western blot (kipimo kinachotenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili), akahitimisha kwamba dawa yake imezuia uvimbe, kumbe seli imefunga breki zake kama kawaida.

Vuna juu ya barafu, na mmumunyo wa kupasulia seli uwe na vizuizi vya fosfatasi, la sivyo fosfeti unazozitafuta zitabanduliwa kabla hujafika kwenye jeli. Kwa kingamwili inayotambua IκBα yenye fosfeti kwenye serini ya 32, mimi huziba utando kwa albumini ya ng'ombe badala ya maziwa ya unga, kwani kaseini nayo hubeba fosfeti na huweza kuchafua picha. Pima IκBα yote, na pia aktini, protini ya kulinganishia kiasi cha sampuli.

Ukitaka kuthibitisha kwamba ukanda wa dakika 60 ni protini mpya, wala si ile ya zamani iliyonusurika, rudia jaribio ukitanguliza sikloheksimidi, ambayo husimamisha utengenezaji wa protini: IκBα itatoweka vilevile, lakini haitarudi.