Kusoma jina la askari kwenye nishani ya Keya

Juzi nilipanda Tukuyu kumsaidia kijana aliyeachiwa kopo la ukoo: nishani tatu na kifungo cha koti, vimefungwa kwenye kipande cha kanga. Alitaka kujua wazee wake, askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walipigana wapi.

Hatua ya 1. Amkia, kunywa chai, andika majina ya wazee na vijiji kabla ya kushika chochote.

Hatua ya 2. Tenga vita na vita. Nyota yenye ncha sita, utepe wa buluu iliyokoza wenye wekundu mpana katikati na mstari wa chungwa kila upande, ni ya Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo. Ya mviringo yenye simba aliyekanyaga joka ni ya 1939 hadi 1945. Hizi Keya walipewa bila jina, usipoteze jioni ukilitafuta. Yenye mtu uchi juu ya farasi, na miaka 1914 na 1918, ni ya fedha. Hiyo ndiyo yenye maneno ukingoni.

Hatua ya 3. Soma ukingo. Hapa ndipo nilipoungua. Ya kwanza niliinunua Iringa, nyeusi kama sufuria ya kuni, nikaisugua kwa stili waya. Iling'aa kweli, ila nusu ya jina iliondoka na weusi. Kwa hiyo stili waya, majivu, dawa ya meno na ndimu, vyote marufuku. Weusi wa fedha uache. Toa mafuta na vumbi tu: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, mswaki laini wa mtoto, kausha kwa pamba. Utepe usiloe, rangi inachuja.

Usiku zima taa, laza tochi ya simu karibu na ukingo, mwanga upite ubavuni. Zungusha nishani, si tochi. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Piga picha kila unapozungusha kidogo. Wengine hufunika karatasi na kusugua penseli. Mimi siipendi, unga wake hujaa ndani ya herufi.

Unatafuta namba, cheo, jina, na kikosi, K.A.R. ndiyo Keya. Karani Mwingereza aliandika alivyosikia, hivyo ukiona MUA jaribu Mwa, na L na R zijaribu zote mbili.

Ukingo ukiwa mtupu, pima kipenyo kwa venia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili. Kinatakiwa 36 mm. Kikipungua, na kuna michirizi ya tupa, mtu alifuta jina. Usimpe sonara akupimie. Atakwaruza kwanza, atauliza baadaye.

Hatua ya 4. Funga kwa kitambaa cha pamba, weka pakavu. Mfuko wa plastiki hapana, hasa kwa mvua za Tukuyu.

Ya kijana ilitoa namba, PTE (private, askari wa kawaida), MUAKA, kisha mkwaruzo uliomeza herufi tatu. Shangazi yake wa Masoko anawajua wazee wote kwa majina. Jumamosi tunakwenda kwake na picha.