Mteja aisevu namba yako kwa jina la kazi

Wewe uliyejiajiri hapa Kigoma, iwe unapiga picha, unashona au unafunga umeme, usimwachie mteja namba kwenye karatasi. (Kadi za biashara nazo nyingi huishia kuchokolea meno.) Mwombe aisevu palepale, kwa kazi na mtaa: "Fundi Umeme Mwanga". Jina lako atalisahau; siku soketi ikitoa cheche atatafuta "fundi". Nawe sevu ya kwake, maana kwa kawaida stetasi ya WhatsApp haionekani kama hamjaseviana namba.

Halafu zoeana na mwenye duka la vifaa vya umeme. Yeye ndiye anayeulizwa, "Unamjua fundi mzuri?" Anza wewe kumpelekea wateja, tena usidai kamisheni.