Kumbukumbu ya mashujaa ngazi ya kata: namna ya kuiandaa bila kuiharibu

Usiku wa kuamkia Julai 25, Siku ya Mashujaa Tanzania, mwenge wa kumbukumbu huwashwa saa sita, na asubuhi yake kwenye maadhimisho ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mwakilishi wa wazee shoka. Kata inayotaka kuwakumbuka watoto wake hailazimiki kuiga yote hayo. Inahitaji majina yaliyo sahihi, mpiga buruji mmoja, na dakika moja ya ukimya isiyoingiliwa. Shughuli nyingi huharibika kwa sababu kamati huanza na turubai na spika, halafu orodha ya majina inaandikwa usiku wa mwisho kwa mkono wa mtu mmoja.

Orodha ya majina

Anzeni miezi mitatu kabla, yaani mwishoni mwa Aprili. Jambo la kwanza kuamuliwa ni nani anaingia. Je, ni waliokufa mapiganoni tu, au pia waliorudi na majeraha wakafia nyumbani? Je, askari wa JWTZ, yaani jeshi la taifa, peke yao? Kwa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, orodha isiyo na mgambo ni pungufu, maana maelfu ya mgambo walipelekwa mbele pamoja na askari wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), polisi na magereza. Ongezeni pia waliokufa kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi, wakiwemo walioshambuliwa Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 7, 2017. Kigezo kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kisibadilishwe kwa ajili ya familia moja. Mkibadilisha kwa mmoja, mtabadilisha kwa wote, na wiki ya mwisho itaishia kwenye mabishano.

Kwa kila mtu tafuteni mambo matano: jina kamili, namba ya jeshi, kikosi, mwaka na mahali alipofia. Vyanzo ni barua ya taarifa ya kifo iliyotunzwa na familia, karatasi za mirathi, picha zilizoandikwa nyuma, na wenzake waliorudi. Kisha mpelekeeni orodha Mshauri wa Mgambo wa Wilaya. Yeye ni ofisa wa jeshi aliye karibu na wananchi, na anajua swali lipelekwe wapi.

Tatizo linalojirudia ni jina. Kijana aliitwa hivi nyumbani, akaandikishwa vingine jeshini, pengine kwa jina la ubatizo na la babu badala ya la baba. Matokeo yake mtu mmoja husomwa mara mbili, au mama mzee anakaa mstari wa mbele akisubiri jina ambalo halitasomwa. Someni yote mawili: la jeshini kwanza, kisha “aliyejulikana hapa kwa jina la…”. Wiki mbili kabla, bandikeni orodha ofisi ya mtendaji, msikitini na kanisani, na pawepo kalamu ya kusahihishia.

Kuna familia ambazo mwili haukurudi. Baadhi yao hawataki kusikia neno “marehemu” hadi leo. Waulizeni mapema, nyumbani kwao, na apelekwe mtu mzima wa kuheshimika. Neno “aliyepotea vitani” huwa linakubalika.

Pangeni majina kwa alfabeti, si kwa cheo. Vyeo ama visomwe kwa wote ama visisomwe kabisa, maana mgambo wengi hawana cheo kinachojulikana na kimya baada ya “Koplo” fulani huonekana kama dharau. Wasomaji wawe wawili wakipokezana, na wafanye mazoezi mara mbili wakiwa na mtu wa ukoo wa kuwasahihisha matamshi. Maandishi yawe makubwa, majina yasizidi 20 kwa ukurasa, karatasi zibanwe kwenye ubao kwa sababu upepo wa Julai hauna adabu. Kwa mwendo wa jina moja kila sekunde tano, majina 24 huchukua dakika mbili. Mkigonga kengele baada ya kila jina, hesabuni sekunde nane, yaani dakika tatu na kidogo.

Ruhusa, bendera na mavazi

Taarifa ya maandishi ifike polisi angalau saa 48 kabla, na nakala iende kwa mkuu wa wilaya kupitia afisa tarafa. Bendera ya taifa ipandishwe vizuri: kijani juu upande wa mlingoti, buluu chini. Msiishushe nusu mlingoti kwa uamuzi wa kamati. Hilo hutokea kwa agizo la serikali. Bendera na sare za vyama zibaki nyumbani, za vyama vyote.

Raia haruhusiwi kuvaa kombati wala nguo inayofanana nayo. Hapa ndipo vijana wa kwaya na watoto wa shule huingizwa matatani na mtu aliyenunua fulana za mabakamabaka akidhani anapamba. Skauti wavae sare yao. Mstaafu avae suti au kanzu na nishani zake kifuani kushoto. Kwa desturi ya nchi za Jumuiya ya Madola, mjane au mtoto anayevaa nishani za marehemu huziweka kulia. Raia hapigi saluti. Anasimama wima, mikono chini.

Zana na shada

Zana za jadi huazimwa kwa wazee. Tengenezeni meza ya mbao ya sentimita 120 kwa 60, ifunikwe kitambaa cheusi, na nyuma yake pigeni ubao wenye misumari minne iliyofungwa vitambaa ili mkuki na ngao viegemee bila kuanguka. Sime ikae kwenye ala. Mishale ikaguliwe na aliyeitoa: mshale wa kuwindia wenye sumu hauletwi kwenye mkusanyiko wa watoto, hata ukiwa umefungwa.

Kwa shada la kipenyo cha sentimita 50, kunja fito mbichi mbili pamoja, zifunge kwa waya wa kufungia nondo, kisha zungushia majani ya mvinje hadi fito zisionekane. Mzunguko wake ni kama sentimita 157, kwa hiyo ua moja kila sentimita nne linahitaji maua 40. Kata 50, kumi yatavunjika. Bogonvilia inavutia mtini lakini hunyauka haraka ikishakatwa, msiitegemee. Kateni maua jioni, vikonyo vikae ndani ya maji usiku kucha, fungeni alfajiri.

Si kila familia inataka maua. Kwa Waislamu wengi dua inatosha, na asilazimishwe mtu kushika shada kwa ajili ya picha.

Buruji na ukimya

Mpiga buruji anaweza kupatikana kwenye bendi ya polisi, skauti, au bendi za tarumbeta za KKKT (Kanisa la Kilutheri) ambazo Kagera na Kilimanjaro ni nyingi. Mpiga tarumbeta anaweza kuupiga wimbo wa maombolezo wa kijeshi bila kubonyeza vitufe, kwa kuwa uliandikwa kwa buruji isiyo navyo. Asimame mita 30 hadi 50 kutoka kwa watu, mbali na kipaza sauti. Midomo ikipoa sauti hukatika noti ya juu kabisa, mahali ambapo kila mtu anasikia, hivyo apashe midomo nyuma ya jengo dakika kumi kabla.

Mkikosa mpigaji, tumieni rekodi iliyokwisha kupakuliwa kwenye simu iliyowekwa hali ya ndege. Kuicheza moja kwa moja mtandaoni ni kukaribisha tangazo la biashara katikati ya maombolezo.

Buruji ikiisha, ukimya umeanza. Mshereheshaji asiseme “sasa tukae kimya”, wala asimalizie kwa “asanteni”. Dakika ipimwe na mtu mwingine mwenye saa, na kwa ishara ya mkono wake mpigaji apige mwito wa kuamsha. Jenereta izimwe, spika zisubiri. Watu wawili wasimame barabarani, kila upande mita 100, wakiwaomba bodaboda wasubiri. Dakika moja iliyotulia ni bora kuliko mbili zenye kikohozi na milio ya simu.

Mtiririko wa asubuhi

Watu wafike saa 2:30, mwanze saa 3:00 kamili hata kama mgeni rasmi hajafika. Familia zikae mbele, viongozi nyuma yao. Hili litapingwa, lishikilieni. Aliyepigana Lukaya, Uganda, Machi 1979 akiwa na miaka 20 sasa anakaribia 70, kwa hiyo kivuli na viti vyenye egemeo viwe vya wastaafu kwanza. Imbeni wimbo wa taifa kwa sauti zenu, beti zote mbili. Zifuate dua na sala, dakika tatu kila moja, mpangilio ukiamuliwa kwa kura mwaka huu na kugeuzwa mwaka ujao. Kisha majina, buruji, ukimya, mwito, zana na shada, na hotuba moja ya dakika tano. Wazee wanaotaka tambiko walifanye alfajiri, kabla watu hawajajaa.

Angalieni kalenda: Julai 25 ya 2026 ni Jumamosi, Wasabato wako ibadani, ya 2027 ni Jumapili. Miaka hiyo sogezeni saa, msisogeze tarehe.

Chai na maandazi vitolewe baada ya shada, si kabla. Hapo ndipo wastaafu hukumbuka majina yaliyosahauliwa, kwa hiyo katibu azunguke na daftari. Zana zirudishwe siku hiyohiyo, shada liondolewe likinyauka, na orodha iliyosahihishwa ichapwe nakala mbili: moja ofisi ya mtendaji, nyingine kwa mwakilishi wa familia.