Kumnyima panya mchanga zinki bila kujidanganya

Wanafunzi wa lishe wanaokuja kwenye banda letu la wanyama huja na swali lilelile: nikiondoa zinki kwenye chakula cha panya mchanga, atadumaa? Atadumaa. Hilo lilionyeshwa Wisconsin, Marekani, tangu 1934. Kazi ni kuthibitisha kwamba kilichomdumaza ni ukosefu wa zinki, si njaa, na hapo ndipo wengi hukwama.

Panya aliyekosa zinki hususa chakula. Ndani ya siku tatu hadi tano utaona bakuli linabaki na chakula. Kwa hiyo hakui kwa kuwa hana zinki, na pia hakui kwa kuwa hali. Ukimlinganisha na aliyekula akashiba, huwezi kutenganisha hayo mawili. Panga makundi matatu: la kwanza lile chakula kisicho na zinki, la pili lile chakula kamili kadiri linavyotaka, la tatu lile chakula kamili lakini kwa kipimo. Kila panya wa kundi la tatu awe na mwenza wake katika kundi la kwanza, na leo apewe gramu zilezile alizokula mwenza jana. Maana yake kundi la tatu linaanza siku moja nyuma, na kila panya anakaa kizimba chake.

Hata hapo kuna mtego. Huyu wa kipimo ana njaa, na ukimwekea chakula chake chote asubuhi atakimaliza upesi kama mwanafunzi wa bweni, kisha ashinde na kulala bila kitu. Mwenza wake anadonoadonoa usiku kucha. Ukija kupima sukari ya damu, unalinganisha aliyefunga na aliyekula. Mgawie mara mbili kwa siku, na ratiba hiyo uiandike kwenye ripoti.

Chukua panya wa siku 21, walioachishwa kunyonya karibuni, uwape siku chache wazoee banda. Ndugu wa tumbo moja wasikae kundi moja. Watawanye, kisha sawazisha uzito wa makundi. Na kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi, kikitaja uzito ambao panya akishuka hadi hapo anatolewa kwenye jaribio.

Chakula anzia na AIN-93G, fomula ya Taasisi ya Lishe ya Marekani ya mwaka 1993, iliyotungwa kwa panya wanaokua. Kila kilo ina kaseini (protini ya maziwa) gramu 200, mafuta ya soya 70, nyuzinyuzi 50, mchanganyiko wa madini 35 na wa vitamini 10. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni wanga wa mahindi na sukari. Madini yake huleta zinki miligramu 30 kwa kilo. Wewe, kwa kundi la kwanza, unataka chini ya 1, na kaseini haitakuruhusu kwa sababu inakuja na zinki yake. Tumia ute mkavu wa yai kwa makundi yote matatu. Ute usiopikwa, hata ukikaushwa, una avidini, protini ambayo hukamata vitamini iitwayo bayotini, kwa hiyo ongeza bayotini. Vinginevyo utapata panya wenye macho yaliyozungukwa na upara ukadhani ni zinki. Mtu akiniambia atatumia dona kwa kuwa ni rahisi, namrudisha: dona ina zinki, na ina faitati inayozuia zinki hiyo isifyonzwe. Hutajua unapima nini.

Kuchanganya: madini na vitamini vitangulie kwenye wanga kidogo, uongeze wanga polepole. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na peleka sampuli ipimwe zinki kabla panya yeyote hajala.

Sasa zinki ya kuingia kwa mlango wa nyuma. Vizimba vya waya wa mabati vimepakwa zinki, na panya hulamba na kutafuna waya. Tumia plastiki au chuma kisichoshika kutu. Vizibo vya mpira vya chupa za maji navyo vina zinki. Tafuta vya silikoni. Maji yawe yaliyoondolewa madini. Kuna na plasta ya kidole na losheni ya kalamaini: kama umejipaka, vaa glavu.

Chakula cha unga panya wachanga hukichimba na kukimwaga. Weka sahani ya chuma yenye matundu juu ya unga, na karatasi chini ya kizimba. Kilichomwagika chekecha utoe kinyesi, kikaushe, ndipo upime, maana mkojo unaongeza uzito. Asiyepima kilichomwagika atadai panya kala gramu ambazo ziko sakafuni.

Usihukumu kwa siku moja. Hamu ya panya hawa hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku tatu au nne, kwa hiyo aliyekula vizuri Jumanne hajapona. Angalia uzito, manyoya yanayonyonyoka, vidonda mdomoni na miguuni, mgongo uliopinda. Joto la banda liandikwe kila siku: umeme ukikatika Dar mwezi wa pili, hata waliokamilishiwa lishe hupunguza kula.

Wiki ya mwisho, ukiwa na panya wa kutosha, rudishia zinki nusu ya kundi la kwanza bila kubadili kingine chochote. Wakirudia bakuli ndani ya siku chache huku nusu nyingine ikiendelea kususa, msimamizi wako hatakuwa na mengi ya kuuliza.