Timu iliyotawanyika kandokando ya Ziwa Victoria: hatua tunazotumia ili tuelewane

Naratibu timu ya watu 11 wanaonunua na kusafirisha dagaa wakavu. Mimi nipo Mwanza, karibu na soko la Mwaloni Kirumba. Wenzangu wako Nansio, Musoma, Bukoba, Kisumu, Jinja, na mmoja Kigali. Tuna Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Mjaluo, Msoga na Mnyarwanda. Kiswahili tunakiongea sote, na kwa sababu hiyo nilijiaminisha mapema mno kwamba tunaelewana.

Hatua ya 1: Kubalianeni kuhusu saa

Nilimwandikia mwenzetu wa Kisumu: "Gari litafika 3:00." Nilimaanisha saa tatu asubuhi, yeye akasoma saa tisa alasiri. Gari likamsubiri, mvua ikaja, turubai lilikuwa limetoboka. Magunia ya juu yakalowa, na dagaa akishalowa huota ukungu. Sasa tunaandika "saa 3 asubuhi", na hakuna kuandika saa bila kutaja asubuhi, mchana au usiku. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa zote kwenye grupu ni za Mwanza.

Hatua ya 2: Andikeni kamusi yenu

Dagaa wetu kwa Kisumu ni omena, kwa Jinja ni mukene. Sangara ni mbuta kwa Kisumu, mputa kwa Jinja. Kaeni na karatasi moja, kila mtu ataje neno la kwao, chagueni moja la kuandikia taarifa, kisha pigeni picha mbandike kwenye grupu la WhatsApp. Linalotia hasara kuliko yote ni "gunia", maana kila mwalo, yaani ufukwe wanakoshushia samaki, una namna yake ya kulijaza na kulishindilia. Sisi tumelifuta kwenye hesabu. Ni kilo tu.

Hatua ya 3: Chunguzeni neno "sawa"

Hapa ndipo nawaomba mtulie. Kwa wengi wetu upande huu, "sawa" maana yake ni "nimekusikia". Siyo "nimekubali", wala siyo "nimeelewa". Kijana hawezi kumwambia mkubwa wake wa kazi kwamba hajaelewa, ataonekana anamvunjia heshima. Basi usimuulize "Umeelewa?" Mwambie, "Nielezee utakavyofanya, nione kama nilisema vizuri." Hapo kosa linakuwa lako, naye anapata nafasi ya kuuliza. Binti wetu wa Musoma alikaa miezi akijibu "sawa". Nilipobadilisha swali, siku hiyohiyo alinionyesha kwamba fomu ya mapokezi ilikuwa inahesabu mzigo mmoja mara mbili.

Hatua ya 4: Pangeni mahali pa salamu

Kijana wetu wa Kisumu aliandika, "Nitumie hesabu leo." Mama yetu wa Nansio hakujibu siku tatu. Nilipompigia aliniuliza, "Hivi huyu kijana hana hata shikamoo?" Kijana naye hakuwa na ubaya wowote, kwao hiyo ni lugha ya kazi, na salamu zetu ndefu aliona zinachelewesha bei. Wote wawili nawapenda, sikutaka mmoja ashindwe. Tulikubaliana: salamu ya wote kila asubuhi, baada ya hapo mtu aende moja kwa moja kwenye jambo. Lakini aliyekuzidi umri ukiwa na ombi zito, mpigie simu.

Hatua ya 5: Mkutano ufuate mwezi

Kukutana Jumatatu hakukutufaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika. Mawakala wetu wa mialoni nao wanapata usingizi siku hizo, na ndizo tunazokutania, dakika 40 kwa simu. Wanaanza walio mbali, Mwanza tunasema mwisho. Aliyekosa mtandao anatumiwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili, naye anajibu kwa sauti, hata kama itatoka usiku.

Mkutano ujao ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Anafungua Kigali.